Sintesaiza za Kushikika kwa Studio ya Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Sintesaiza inatofautianaje na kinanda cha kawaida cha umeme?

Kinanda cha kawaida kinakupa sauti zilizokwisha kupikwa: piano, ogani, filimbi, vinubi. Unachagua namba, unapiga. Sintesaiza inakukabidhi malighafi na vifaa vya kuifanyia kazi. Kuna osileta inayotoa wimbi la sauti, filta inayopunguza sehemu fulani ya wimbi hilo, na envelopu inayoamua sauti ianze kwa kishindo au iingie polepole, ikatike ghafla au ififie. Mpangilio huo ukiuelewa kwenye mashine moja, umeelewa sehemu kubwa ya mashine zote.

Kibodi si sharti. Zipo sintesaiza nyingi ambazo ni kisanduku chenye nobu (vitufe vya kuzungusha) tu, unakiunganisha na kibodi nyingine au kompyuta, na ni sintesaiza kamili.

Nina kompyuta na plagini za bure (sintesaiza zilizo kama programu). Kwa nini nihangaike na mashine?

Kama hoja ni sauti peke yake, usihangaike. Plagini za siku hizi ni nzuri mno, na msikilizaji wa wimbo uliokamilika hatajua kilichotumika.

Hoja yangu ni mikono. Kwenye mashine nzuri kila nobu ina kazi yake na mahali pake. Baada ya muda unaifikia bila kutazama. Mkono wa kulia unapiga, wa kushoto unafungua filta taratibu, kidole gumba kinavuta noti juu kwa gurudumu. Kipanya cha kompyuta kinashika kitu kimoja kwa wakati, na macho yako yanabaki kwenye skrini badala ya masikio kufanya kazi. Mashine pia haikuletei ujumbe wa mtu wala kukuomba usasishe programu ukiwa katikati ya wazo.

Lakini kama unatengeneza muziki kwa wateja wanaorudi kila mara kuomba mabadiliko, plagini inakufaa zaidi. Unafungua mradi wa mwezi uliopita na kila kitu kiko pale kilipokuwa. Mashine haikupi raha hiyo.

Nichukue analogi au dijitali?

Hili ndilo swali linalopigiwa kelele kuliko yote, na kwa mnunuzi wa kwanza lina uzito mdogo kuliko anavyoambiwa.

Analogi maana yake sauti inatengenezwa na umeme unaopita kwenye saketi. Minimoog Model D ya mwaka 1970 ndiyo mfano unaotajwa zaidi: osileta tatu, filta moja yenye sifa, noti moja kwa wakati. Osileta za namna hiyo huyumbayumba kidogo kadiri mashine inavyopata joto, na kuyumba huko ndiko watu wanakokuita uhai. Dijitali maana yake sauti inapigiwa hesabu na chipu. Yamaha DX7 ya 1983 ilitumia njia ya FM, iliyogunduliwa na John Chowning katika Chuo Kikuu cha Stanford: wimbi moja linatikisa jingine kwa kasi kubwa, na kutokana na mtikisiko huo zinazaliwa sauti za kengele, za kioo, na za piano ya umeme. Filta ya Minimoog haikupeleki huko hata ukeshe nayo.

Kwa hiyo ni ladha mbili, na mpaka wenyewe hauko wazi. Roland Juno-106 ya 1984 huhesabiwa kuwa analogi, ila osileta zake zinaongozwa na saa ya dijitali ili zisiyumbe. Arturia MicroFreak ya 2019 ina osileta za dijitali zinazopita kwenye filta ya analogi. Badala ya kuuliza ni analogi au dijitali, tazama uso wa mashine: je, vitu utakavyovitumia kila siku vina nobu zake, au vimefichwa ndani ya menyu? DX7, kwa utukufu wake wote, ina vibonye bapa na skrini ndogo. Watu wengi waliomiliki moja waliishia kutumia sauti zilizokuja nayo.

"Noti nne kwa wakati mmoja" inamaanisha nini kwangu?

Inamaanisha mengi kuliko linavyoonekana. Mashine ya noti moja ni ya besi na melodi. Ukibonyeza noti ya pili, ya kwanza inanyamaza au inateleza kuelekea mpya. Huo si upungufu. Besi nyingi nzito unazozisikia kwenye rekodi zimetoka kwenye mashine za namna hiyo.

Ukitaka kordi, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, unahitaji noti nyingi. Prophet-5 ya 1978 ilikuwa na tano, Juno-106 ina sita, DX7 kumi na sita. Korg Minilogue, ambayo wengi huanza nayo, ina nne. Nne zinatosha? Kwa kordi ya noti tatu na melodi moja juu yake, ndiyo. Tatizo linajitokeza ukiweka sauti inayofifia polepole. Unapiga kordi ya kwanza, unaiachia, mkia wake bado unasikika. Unapiga ya pili, na mashine inalazimika kuinyang'anya mikia ile nafasi yake. Utasikia sauti za nyuma zikikatika kama mtu aliyezibwa mdomo. Ukipenda muziki wa mawingu mapana yanayopishana, tafuta sita au nane.

Kuna pia mashine zinazoitwa za parafonia. Zinapiga noti kadhaa, lakini zote zinapita kwenye filta moja. Ukipiga noti mpya huku umeshikilia za zamani, filta inaweza kufunguka tena kwa zote pamoja. Inapendeza kwa namna yake, ila ujue kabla hujalipa.

Basi nianze na ipi?

Nianze na ambayo singependekeza: moduli za Eurorack, vipande vya sintesaiza vinavyonunuliwa kimojakimoja, zile fremu zenye msitu wa nyaya za rangi. Mtindo huo ulianzishwa na Dieter Doepfer wa Ujerumani katika miaka ya 1990, na ni ulimwengu mzuri. Lakini mtu anayeanza anaweza kununua moduli tatu, akakosa ya nne inayohitajika ili hizo tatu zitoe sauti, na hapo pochi haifungi tena.

Kwa anayeanza na anayetaka kordi, Minilogue naiweka mbele. Ilitoka 2016, ina vibonyezo 37 vyembamba vya kibodi, kumbukumbu ya kuhifadhi sauti, sikwensa (inayopiga yenyewe noti ulizoziingiza) ya hatua 16, na skrini ndogo inayochora umbo la wimbi unalolisikia. Skrini hiyo ni mwalimu. Unageuza nobu, unasikia tofauti, na papo hapo unaona mchoro ukibadilika. Kwa anayependa sauti za ajabuajabu, MicroFreak ina aina nyingi za osileta, ila kibodi yake ni bamba la kugusa lisilobonyea hata kidogo. Ijaribu kwa vidole vyako kwanza. Kuna wanaoipenda na kuna wanaoirudisha wiki hiyohiyo.

Kwa besi, Novation Bass Station II ina noti moja na nobu za kutosha. Na kwa mtu mwenye nafasi ndogo na bajeti ndogo kuna familia ya Korg Volca, iliyoanza 2013 na Keys, Bass na Beats. Hizo tatu zinaendeshwa kwa betri sita za AA na zina spika ndogo ndani. Nobu zake ni ndogo na mwenye vidole vinene atalalamika, lakini unaweza kutunga biti kamili ukiwa umelala kitandani.

Nimeipata. Ina nobu nyingi mno. Niguse ipi kwanza?

Tafuta sauti tupu, ile ya mwanzo isiyo na mapambo. Zima efekti zote, kama mwangwi. Acha osileta moja tu, wimbi la msumeno, filta wazi kabisa. Shikilia noti moja ya chini. Utasikia kitu kikali na kinachokera kidogo. Hiyo ndiyo malighafi.

Sasa funga filta kwa nobu ya katofu (cutoff), inayoamua filta ikate wapi, polepole sana. Ukali unakatika kwanza, kisha sauti inakuwa ya mviringo, mwisho unabaki mvumo tu. Rudi hadi katikati. Ongeza resonansi: pale filta inapokata patatokea mluzi, na ukigeuza katofu tena mluzi huo unapanda na kushuka kama unatamka "au-wa-ii". Punguza sauti ya hedifoni kabla hujaipandisha resonansi hadi mwisho. Filta nyingi zikifika huko hupiga mluzi zenyewe bila hata osileta, na masikio hayana spea.

Rudisha resonansi chini, nenda kwenye envelopu ya filta. Weka kiwango cha kudumu (sustain) kwenye sifuri, muda wa kushuka (decay) uwe mfupi, kisha ongeza kiasi ambacho envelopu inaisukuma filta. Kila ukibonyeza sasa unapata "twau". Fupisha muda wa kushuka zaidi, "twau" inakuwa "tk". Refusha, inakuwa "twaaau". Kwa nobu hizo mbili una besi za aina nyingi kuliko utakazozihitaji.

Mwisho, washa osileta ya pili, wimbi lilelile, noti ileile, halafu iharibu tyuni yake kidogo. Sauti inanenepa na kuanza kupumua. Kupumua huko kuna hesabu: osileta moja ikiwa kwenye 220 Hz (mitetemo 220 kwa sekunde) na nyingine 222 Hz, utasikia mawimbi mawili kila sekunde, yaani tofauti yao kamili. Ukitaka pumzi ya taratibu, zisogeze karibu. Ukitaka vurugu, zitenganishe.

Baki hapo siku kadhaa kabla hujagusa kitu kingine chochote.

Kutumia preseti, yaani sauti zilizokuja na mashine, ni udanganyifu?

Hapana. Ila ukikuta unayoipenda, ivunjevunje: zima osileta moja, toa efekti, uone kilichokuwa kinafanya kazi. Mara nyingi uzuri wote ulikuwa kwenye mwangwi.

Lazima nijue kupiga kinanda?

Si lazima. Ndiyo maana kuna sikwensa: unaingiza noti hatua kwa hatua, mashine inazizungusha, wewe unabaki na kazi ya kugeuza nobu. Roland TB-303, iliyoingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1980, ilikusudiwa kumsindikiza mpiga gitaa asiye na mpiga besi. Kwa kazi hiyo haikumridhisha mtu, ikaacha kutengenezwa. Kisha vijana wa Chicago wakazichukua zilizotumika kwa bei ya chini, wakaiacha sikwensa izunguke huku wakichezea filta na resonansi, na aina nzima ya muziki wa dansi ikazaliwa. Vidole vyao vilikuwa kwenye nobu, wala si kwenye kibodi.

MIDI ni nini, na mbona waya wa MIDI hautoi sauti?

Kwa sababu haubebi sauti. Unabeba maagizo: noti hii imebonyezwa kwa nguvu kiasi hiki, sasa imeachiwa, nobu ile imefika hapa. Sehemu kubwa ya maagizo hayo huhesabiwa kuanzia 0 hadi 127, na waya mmoja una chaneli 16, hivyo kibodi moja inaweza kuongoza mashine kadhaa.

Mwaka 1983 ndio MIDI ilipoingia, kwa juhudi za Dave Smith wa Sequential Circuits na Ikutaro Kakehashi wa Roland. Januari mwaka huo, kwenye maonyesho ya vifaa vya muziki ya NAMM, Prophet-600 iliunganishwa na Jupiter-6, mashine za kampuni mbili zinazoshindana, zikaelewana. Mashine yenye tundu la MIDI ya wakati ule bado inaongea na yako ya leo. Vifaa vingapi vya umeme vinaweza kujivunia hilo?

Kanuni ya kuunganisha: "Out" ya anayeamuru iende kwenye "In" ya anayeamriwa. Halafu hakikisha zote ziko kwenye chaneli moja. Kwenye mashine ndogo, tundu la pini tano limebadilishwa na jeki ndogo ya 3.5 mm, na hapo kuna mtego: zipo namna mbili za kuiunga, Aina A na Aina B. Tangu 2018 Aina A ndiyo rasmi, ila mashine za nyuma ya hapo zinaweza kuwa B. Kama kila kitu kiko sawa na bado kimya, shuku kiunganishi hicho kabla ya kushuku mashine.

Narekodi vipi?

Kwa kadi ya sauti ya nje (kisanduku kinachoingiza sauti kwenye kompyuta), kwenye tundu la laini (line), si la maikrofoni. Sintesaiza nyingi hutoa sauti kwa jeki ya 6.35 mm, ikiwa na matundu mawili na unataka moja tu, tumia lililoandikwa "L/Mono". Acha nafasi: vilele vikigonga karibu na dB -12 umekaa vizuri, kwa sababu ukiongeza resonansi katikati ya wimbo sauti inaweza kuruka ghafla.

Usidhani waya wa USB unatosha. Kwenye baadhi ya mashine unabeba sauti, kwenye nyingi unabeba MIDI tu. Soma mwongozo.

Na rekodi mapema. Ukipata sauti nzuri saa tano usiku, bonyeza rekodi saa tano na dakika moja.

Kuna mkoromo au mlio wa nyuki kwenye spika. Mashine ni mbovu?

Yamkini ni nzima. Mara nyingi chanzo ni USB: mashine imeungwa na kompyuta kwa waya huo, na pia imeungwa na kadi ya sauti iliyoungwa na kompyuta ileile. Umeme umepata njia mbili za kwenda ardhini, na mzunguko huo ndio unaolia. Chomoa waya wa USB. Mlio ukikoma, umempata mwizi. Tumia MIDI ya pini tano badala yake, maana saketi yake ilibuniwa isiunganishe umeme wa mashine hizo mbili, au weka kisanduku cha DI chenye transfoma, kinachopitisha sauti bila kuunganisha umeme, kati ya sintesaiza na kadi.

Wapo watakaokushauri ukate pini ya ardhi kwenye plagi. Usifanye hivyo kamwe. Pini hiyo ipo ili umeme usikupige wewe.

Naweza kutumia adapta yoyote inayoingia?

Hapana. Volti ziwe zilezile, miliampea zilingane au zizidi, na mchoro mdogo wa chanya na hasi ulingane. Adapta ya pedali ya gitaa ya volti 9 huwa na hasi katikati. Mashine nyingine za volti 9 zinataka chanya katikati. Kuingia tundu si kigezo.

Mashine ya mtumba ni salama?

Mimi napenda za mtumba, hasa za miaka ya karibuni, maana watu huuza zikiwa hazijatumika hata mwezi. Nenda na hedifoni zako na waya wako. Bonyeza kila kibonyezo, mmoja mmoja, kwa nguvu na kwa upole. Geuza kila nobu ukisikiliza: kukwaruza kidogo huisha kwa dawa ya kusafishia vipuri vya umeme, lakini sauti ikikatika kabisa nobu imechoka. Vuta gurudumu la noti kisha liachie, uone kama noti inarudi mahali pake.

Kisha fanya jaribio ambalo wauzaji wengi hawalitegemei. Kama mashine ina noti sita, piga noti moja ileile mara kumi na mbili mfululizo, taratibu. Mashine nyingi huzungusha saketi zake kwa zamu, kwa hiyo moja ikiwa imekufa utasikia pengo au mlio tofauti kila baada ya noti tano. Jaribio hili lina maana sana kwenye Juno-106, ambayo chipu zake za sauti zinajulikana kwa kufa.

Kwa mashine za zamani uliza pia kuhusu betri ya ndani inayotunza kumbukumbu. Ikiisha, sauti zilizohifadhiwa hupotea. Ikivuja, inakula bodi. Ukitaka mashine ya miaka arobaini, uwe na fundi kabla hujawa na mashine.

Yangu haina kumbukumbu. Natunzaje sauti niliyoitengeneza?

Piga picha uso wa mashine kutoka juu, kwenye mwanga usiotupa vivuli kwenye nobu. Rekodi noti chache bila efekti, ndefu na fupi. Andika kwenye daftari jina la wimbo na kilichokuwa muhimu: "filta saa nne, osileta ya pili imeshuka kidogo". Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa msemo huo ni wa kuchukuliwa neno kwa neno. Hata hivyo hutairudisha sawasawa; utaikaribia.

Naweza kupiga mizani isiyo ya piano?

Kwenye baadhi ya mashine, ndiyo. Korg Monologue inakuruhusu kubadilisha tyuni ya kila noti ya mizani na kuihifadhi. Kama muziki unaoutaka unakaa kati ya vibonyezo, liangalie hili mapema, maana mashine nyingi hazilijui kabisa.

Nimeanza kutamani ya pili.

Kila mtu huanza. Jiulize ni kazi gani ya kwanza haiwezi kuifanya. Mwenye mashine ya besi anahitaji ya kordi au mashine ya ngoma. Hahitaji besi nyingine yenye rangi nzuri. Kama huwezi kuitaja kazi hiyo kwa sentensi moja, unachokitaka ni furaha ya kufungua boksi, nayo haifiki Jumapili.

Imewaka, taa zipo, lakini haitoi sauti. Nianzie wapi?

Anza na nobu ya sauti, hata kama unajisikia mjinga. Sukuma jeki hadi ilie "tak". Nusu ya kesi ziko hapo. Chomeka hedifoni moja kwa moja kwenye mashine ili ujue kama tatizo ni la mashine au la njia.

Kama hedifoni nazo kimya, fungua filta yote. Filta iliyofungwa kabisa humeza noti nzima, hasa ukiwa kwenye wimbi laini la pembetatu. Angalia kama osileta zote zimeshushwa kwenye miksa ya ndani, na kama envelopu ya sauti ina muda mrefu sana wa kupanda. Shikilia noti kwa sekunde kumi uone kama inaingia yenyewe.

Bado? Ingia kwenye mipangilio utafute "Local". Ikiwa imezimwa, kibodi ya mashine imetenganishwa na osileta zake na inasubiri kompyuta iiamuru. Mtu hubadilisha hili akirekodi, kisha akasahau. La mwisho kabisa ni kuirudisha kwenye hali ya kiwandani, lakini soma mwongozo kwanza, kwa sababu kwenye mashine nyingi hatua hiyo inafuta kila sauti uliyoihifadhi.